Mzigo Wako Umefika Kindu

Sehemu ya saba

Unayeanza kusoma leo, sogea karibu nikupe ya nyuma kwa haraka. Waliokuwapo tangu mwanzo wanivumilie, na asiyetaka kuvumilia aruke chini huko. Nimezoea kutopendwa.

Naitwa Ndaya. Wazazi wangu walitoka Kasai, reli ikawaleta Kindu, mimi na mdogo wangu Yannick tukazaliwa hapa hapa, mtaa wa Mikelenge. Sote wawili ni mafundi wa kompyuta, na sote tulikuwa kwa Shefu Blanchard, ambako tulitengeneza programu ya mizigo ya mtandaoni. Gunia lako likishuka kwenye treni au kwenye balenieri, zile boti ndefu za mbao za Lualaba, programu inakutumia ujumbe kwenye simu uje ulichukue.

Mwezi wa kwanza Shefu alimtuma Yannick Bukavu kuwafundisha mawakala. Mwezi wa pili vita viliingia Bukavu, mji ukapata wenyewe wapya, yaani waasi, na Yannick akanyamaza.

Juma lililopita niliishia pale Shefu aliposema kwamba Ijumaa ikifika bila mimi kutengeneza lile jaribio kigeugeu, nisikanyage tena kwake. Mlinihurumia, nimesikia. Mhurumieni mtu mwingine, maana kuna jambo niliwaficha.

Dawa ya lile jaribio nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Nieleze, maana si kila mtu ni fundi. Programu yetu ina majaribio yanayojiendesha yenyewe. Jaribio ni mteja wa uongo: kila saa anaingia, anaandikisha gunia la uongo, anasema limefika, kisha anangoja kuona kama ujumbe umeingia kwenye simu ya mwenye gunia. Ukiingia, skrini inaonyesha kijani. Usipoingia, nyekundu. Na nyekundu ikiwapo, toleo jipya la programu haliendi kwa wateja.

Sasa hilo la ujumbe lilikuwa halina msimamo. Jana kijani, leo nyekundu, na hakuna aliyegusa kitu. Nicole, mwenzetu wa meza ya pili, alisema limelogwa. Wengine dawa yao ilikuwa moja tu: rudilia. Likikataa, bonyeza tena. Likikataa tena, kunywa chai, bonyeza tena. Likikubali, nenda nyumbani kwa furaha.

Mimi nilifungua ndani nikaangalia namba ya simu. Ilikuwa ya Yannick.

Kwetu hakuna anayeiamini mashine mpaka simu itetemeke mkononi mwake. Yannick alipoandika lile jaribio aliweka laini yake mwenyewe, ili ajionee. Fundi mwenye adabu ya kazi huweka laini bandia, inayojibu "nimepokea" humo humo ndani ya kompyuta bila kumsumbua mtu. Yannick hakuweka, na kila simu yake ilipolia mezani tulicheka naye.

Mnaelewa sasa. Nyekundu maana yake simu ya mdogo wangu imezimwa. Kijani maana yake imewashwa, mahali fulani, mkononi mwa mtu.

Kila nilipoona kijani nilipiga. Iliita, ikakatwa, ikazimwa. Niliandika, "Yannick, ni wewe?" Hakuna aliyenijibu.

Kuweka laini bandia ni kazi ya nusu asubuhi. Sikuweka. Kila kijani kwangu kilikuwa pumzi ya Yannick, na sikuwa tayari kuikata kwa ajili ya Shefu Blanchard na wageni wake.

Hiyo ndiyo siri. Sasa tuendelee na Alhamisi.

*

Shefu aliingia asubuhi akiwa amevaa koti, na joto la Kindu mnalijua. Mtu huyo akivaa koti, jua kuna wa kutukanwa.

"Ndaya! Hii test iko nyekundu tena?"

"Iko nyekundu, Shefu."

"Jana ilikuwa kijani."

"Jana, ndiyo."

"Weye uligusa nini?"

"Sikugusa kitu."

"Voilà! Njo ile, ndiyo hiyo! Haugusi kitu! Kesho wenye balenieri wanakuja, watu wa reli wanakuja, mukubwa mumoja anatoka Kinshasa na ndege juu ya kuona version mupya, na weye haugusi kitu!"

Nicole aliinamisha kichwa akajifanya anaandika. Aliandika kwa nguvu sana kwa mtu ambaye kompyuta yake ilikuwa imezimwa.

Nikasema, liwalo na liwe. "Shefu, ile namba ya mu test njo ya Yannick. Simu yake inawaka na kuzimika. Njo maana test inageuka."

Alinitazama. Nilidhani atakaa chini. Nilidhani atakumbuka kwamba ni yeye aliyemkabidhi mdogo wangu tiketi.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Unajua shida, unajua dawa, na unaniacha miye naaibika? Juu ya muntu wa kufa?"

"Yannick hajakufa."

"Ndaya, écoute, sikiliza. Bukavu watu wamekufa. Yannick amekufa. Familia yenu yenyewe wanaweka matanga kesho kutwa, walinialika. Weye peke yako njo unabaki na kichwa ngumu."

Sitawaandikia maneno niliyomjibu, gazeti hili linasomwa na watoto. Niseme tu kwamba niliwataja wazazi wake wote wawili, na koti.

"Toka," akasema. "Acha ufunguo. Namba yako ya siri nimefunga. Test nitatengeneza miye mwenyewe, haiko kazi ya kushinda muntu."

Nikaacha ufunguo, nikatoka. Nicole hakuinua macho. Nami sikumuaga.

*

Nyumbani uwanja ulikuwa umejaa viti vya plastiki vya kukodi. Baba mdogo Godefroid, mdogo wa marehemu baba, mstaafu wa reli, alikuwa anaamrisha pa kufunga turubai. Mzee huyo anapenda matanga. Kwenye arusi hukaa pembeni amenuna, lakini matanga mpe.

Hélène, mke wa Yannick, alikuwa anachambua mchele na mama yangu. Nikasimama katikati yao na vumbi langu la barabarani.

"Mufungue hiyo turubai," nikasema. "Yannick iko muzima. Telefone yake inawaka."

Mikono ya Hélène ikasimama ndani ya ungo. Nilingoja alie, anirukie, amshukuru Mungu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu zamani. Inawaka, inazimika. Mashine yetu inaiona."

"Na weye unaniambia leo?"

"Nilitaka kuhakikisha."

"Uliongea naye?"

"Hapana. Inakatwa."

Alirudi kwenye mchele wake, bila kusahau kuniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Ndaya, telefone inawaka. Sawa. Na muntu? Muntu naye anawaka? Maiti wakiokota, kitu ya kwanza wanatoa njo telefone. Wanauza kwa soko. Leo kuko mutoto wa Bukavu anacheza muziki mu telefone ya bwana yangu, na weye unakuja kunipigia kelele hapa."

Ningempiga. Wallahi ningempiga, kama mama asingekuwa amesimama.

Mama Misenga hasimami ovyo, miguu inamuuma. Aliposimama hata baba mdogo Godefroid aliacha kamba zake.

"Ndaya, kaa."

Nikakaa.

"Wakati wa vita ile ya kwanza weye ulikuwa mutoto, hauwezi kukumbuka vizuri. Baba yako alitoka na treni kwenda Kongolo, na nyuma yake njia ikafungwa. Mayi-Mayi, wale wapiganaji wa msituni, wakazunguka muji, chumvi haiko, sabuni haiko, tunakula matembele bila chumvi. Kila muntu anafika hapa kwa mulango: Mama Misenga, bwana yako nilimuona, iko Kongolo. Mwingine: iko Kabalo, amekonda kidogo. Mwingine: iko Kalemie, ameoa. Miye nikakatala matanga. Ndugu zake wananitukana, miye nakatala. Kila magaribi naweka sahani yake."

"Mama, nakumbuka sahani."

"Basi kama unakumbuka, funga kinywa. Nilingoja mpaka nikazeeka. Vita ikaisha, treni ikarudi, yeye hakurudi. Hata kaburi siko nayo. Ningelia siku ya kwanza, ningepona. Sasa weye mutoto niliyezaa unaniletea tena ile ile. Hata muntu aliyemuona hauniletei. Unaniletea rangi. Kijani!"

"Mama..."

"Sitangoja mara ya pili. Nasema mbele ya watu wote. Yannick nitamulia Jumamosi, na nitamaliza."

Nililia, sitaki kudanganya. Nililia kwa hasira, mbele ya viti vya kukodi, na hakuna aliyenipa hata kitambaa.

"Turubai inabaki," baba mdogo akasema. "Na weye, kama hautaki kulia kama watu wengine, utaenda kulala kwa jirani."

*

Philomène alifika mchana ule kutoa pole. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge wa mtaa wa Kasuku. Vita vilimkuta Bukavu, akarudi kwa njia ya msituni, kwa miguu na pikipiki, Shabunda mpaka Kalima mpaka hapa, na miguu yake bado ilikuwa imefungwa vitambaa. Alikunywa chai yake akisikiliza Hélène akinisengenya mbele yangu.

"Hiyo mashine," akauliza ghafla, "inamuandikia Yannick, ao inamuangalia tu?"

"Inamuandikia," nikasema. "Kila saa."

"Inamuandikia nini?"

Nikamtajia, tena kwa majivuno, maana maneno yale niliyatunga mimi: "Mzigo wako umefika Kindu. Njoo uchukue."

Philomène aliweka kikombe chini. "Rudilia."

"Mzigo wako umefika Kindu. Njoo uchukue."

"Kila saa, tangu mwezi wa pili? Na jina ya muntu wa kutuma haiko?"

"Haiko. Namba tu."

"Mungu wangu, Ndaya. Weye uko na akili?"

Hélène aliweka ungo chini.

"Kule kwa barrière, pale waasi wanafunga barabara," akasema taratibu, "kitu ya kwanza wanakuambia: leta telefone. Wanafungua, wanasoma message zote, moja moja, hawana haraka. Nilikuwa kwa mustari. Mbele yangu kulikuwa kijana, bibi yake alimuandikia kutoka Kindu: askari wamejaa huku, usirudi sasa. Bibi alikuwa anaogopa tu, anataka bwana yake asipate shida kwa njia. Walimutoa kwa mustari. Siye tulipita, yeye hakupita."

"Lakini huu ni mzigo tu," nikasema. "Gunia ya muchele."

"Nani atasoma muchele pale? Kindu njo jeshi ya serikali inatokea. Wanaona muntu anaambiwa mara na mara, mzigo umefika Kindu, njoo uchukue. Weye ungekuwa askari yao ungesema nini? Ungesema muchele?"

Nilielewa kwa nini simu ilikuwa inawashwa kidogo na kuzimwa haraka. Alikuwa anaifungua ili atupigie, na kila akiifungua zinamiminika. Nilielewa kwa nini alikata nilipopiga: aliogopa kusikiwa akiongea na Kindu. Pumzi niliyokuwa naihesabu kijani kwa kijani, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeikaba.

Kofi la Hélène lilinikuta bado nimekaa.

"Unamuua!" alipiga kelele. "Ulijua! Ulijua iko mu hiyo mashine na ukaacha! Unamuandikia kila saa juu ya roho yako itulie, na yeye anakufa!"

Sikumrudishia. Mara ya kwanza maishani nilipigwa nikaona ni haki. Niliinuka nikakimbia barabarani kusimamisha pikipiki.

*

Jenereta lilikuwa linaunguruma ofisini, na Shefu Blanchard alikuwa amevua koti. Alikuwa anakula njugu. Aliponiona hata hakukasirika, mtu mwenye furaha hana muda.

"Ah, Ndaya! Umekuja kuomba samahani? Njoo uone. Test yako nimetengeneza."

"Umeweka laini bandia?" Nilitaka kumbusu yule mtu.

"Laini bandia ya nini? Kazi mingi ya bure. Nimeiambia irudilie."

"Irudilie namna gani?"

"Ikikataa, inarudilia palepale, yenyewe, bila kungoja saa nyingine. Ikikataa inarudilia tena. Mpaka ikubali! Siku moja telefone itawaka, itakubali, skrini itakuwa kijani, wageni watafurahi. Haiko hivyo njo mulikuwa munafanya na mikono? Miye nimeipa mashine ifanye."

Nilitazama skrini. Mistari ilikuwa inapanda juu bila kupumua. Mzigo wako umefika Kindu. Njoo uchukue. Mzigo wako umefika Kindu. Njoo uchukue. Mzigo wako umefika Kindu.

"Zima," nikasema.

"Haizimwi. Ikikubali itasimama."

"Shefu, zima! Hizo message zote zinangoja telefone iwake. Ikiwaka zinaingia zote mara moja. Kule wanasoma telefone za watu. Watamuua!"

"Nani anasoma? Acha hadisi."

"Nipe namba ya siri."

"Sikupi kitu. Ulinitukania mama asubuhi."

"Nakata jenereta, basi!" Nicole akasema kwa sauti ndogo, na mjue kwamba tangu siku hiyo nimemsamehe kompyuta yake iliyozimwa.

"Haitasaidia," nikamwambia. "Programu haikai hapa. Iko kwa mashine za kukodi, Ulaya. Tukikata umeme tutabaki na giza, na yenyewe itaendelea."

Nikapiga magoti. Mimi Ndaya, nilipiga magoti kwenye maganda ya njugu ya Shefu Blanchard, nikashika mguu wa suruali yake.

"Baba Blanchard. Niliyokutukana nayarudisha kinywani. Mama yako nitamuomba samahani. Kazi yako sitaki tena. Nipe tu hiyo namba ya siri, nitoe telefone ya mutoto wa mama yangu mule ndani."

Sijui ni magoti au ni "baba". Alisonya, akapangusa vidole, akavuta kompyuta, akaanza kuandika namba yake ya siri huku ameificha kwa mkono mwingine kana kwamba mimi ndiye mwizi.

Kabla hajamaliza, mistari ilisimama.

Skrini ikawa kijani.

"Ilikubali!" Shefu akarusha mikono juu. "Nilisema nini? Nilisema nini miye? Iko kijani!"

Nicole aliziba mdomo. Mimi nilibaki magotini. Mahali fulani Bukavu simu ilikuwa imewashwa, na kila kitu kilikuwa kimeingia.

Simu ya mezani, ile ambayo namba yake ndiyo huonekana kwenye kila ujumbe, ikaanza kulia. Namba ilikuwa ya Yannick.

"Usipokee," Shefu akasema. Rangi ilikuwa imemtoka.

Nikapokea.

"Allô?"

"Allô, bonjour, Mama." Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa Yannick mwenyewe, mzima, isipokuwa alikuwa anasema polepole kama mtoto anayesomeshwa. "Miye ni muntu mumoja wa huku Bukavu. Naona message mingi ya namba hii. Siwajui. Nani aliwapa namba yangu?"

Nilitaka kusema Yannick, ni yaya yako. Nilitaka kumwambia habari za viti na turubai. Lakini hajawahi kuniita Mama tangu azaliwe, na nilisikia pumzi ya mtu wa pili karibu na simu.

"Samahani, Baba," nikasema. "Siye ni watu ya mizigo. Mashine yetu imekosea namba."

"Ni mizigo ya nini?"

"Muchele. Ni muchele tu, na mwenyewe ni muntu mwingine. Mutusamehe sana."

"Haiko shida, Mama." Sauti yake ikatikisika kidogo tu. "Mubaki muzuri."

Simu ikachukuliwa. Sauti nyingine, ya upole, ya mtu aliyesoma, iliniuliza kwa Kiswahili kizuri:

"Mama, huyu kijana humjui kabisa?"

"Simjui."

"Hamjawahi kufanya kazi pamoja?"

"Simjui, Baba. Hata sura yake siijui."

"Vizuri. Naye anasema hivyo hivyo. Tutaangalia. Asante."

Ikakatwa.

Shefu Blanchard alikuwa ameegemea ukuta. Alinisogezea kompyuta, namba ya siri imekwisha kuandikwa. Nikafungua jaribio, nikafuta namba ya mdogo wangu, nikaweka laini bandia. Kazi niliifanya safi, na ile rudilia ya Shefu nikaing'oa. Niliendesha jaribio. Kijani. Nikaendesha tena. Kijani. Lingekuwa kijani leo, kesho na siku zote, na lisingenieleza tena chochote kuhusu Yannick.

Lakini alikuwa hai, na tulikuwa tumedanganya vizuri, yeye na mimi, bila kupanga. Kwa hilo walau nilijipongeza. Tukishikilia neno moja, wangechoka naye, wakamwachia.

Pikipiki ilisimama nje. Hélène akaingia anakimbia, kitenge kimemfunguka, simu mkononi. Nilijikinga uso. Hakunipiga. Alinikumbatia, akacheka, na tangu mwezi wa pili sikuwahi kuliona jino lake.

"Yaya Ndaya, ulisema kweli! Nisamehe lile kofi, nisamehe! Yannick iko muzima! Wamenipigia sasa hivi na telefone yake mwenyewe!"

"Nani amekupigia?"

"Baba mumoja, wa upole sana. Aliona jina yangu mu telefone. Anasema wanatafuta ndugu za huyu kijana juu ya kumurudisha. Akaniuliza kama namjua."

"Na weye umemjibu nini?"

"Ningemujibu nini? Nimemuambia njo bwana yangu, baba ya watoto wangu! Akaniuliza anafanya kazi gani, nikamuambia njo fundi wa mashine ya mizigo hapa Kindu." Alinifuta machozi kwa kiganja chake, akidhani ni ya furaha. "Na nimemuambia anafanya pamoja na dada yake, Ndaya. Jina yako ameandika."